Wanafunzi wa Afya Katika Mtaa Wetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yachapishwa katika Taarifa hii kwa agizo la Halmashauri)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya jambo litakalopigiwa kura kabla mkutano huu haujafungwa. Jambo lenyewe ni hili: je, Chama chetu kiwapokee tena wanafunzi wa afya ya umma mwaka ujao, au kiwafungie mlango? Barua ya chuo iko mezani kwa Bwana Mwenyekiti. Wanaomba kuleta wanafunzi 8 kwa muda wa majuma 6, wakae nasi hapa mtaani, wajifunze kazi yao na kutusaidia katika yetu. Twajua ya kuwa baadhi yenu mmekwisha kuamua kukataa, na ya kuwa mnayo sababu. Basi hatukuja kumbembeleza mtu. Tumekuja kueleza tuliyoyaona kwa macho yetu na kuyaandika katika daftari, mabaya na mema, ili kila mmoja apige kura yake akijua analolikubali au analolikataa.

Kwanza yafaa tulifahamu jambo lenyewe. Mtu anayesomea uganga hupelekwa hospitali, akawatazama wagonjwa vitandani mwao. Lakini yule atakayekuwa bwana afya, kazi yake haiko kitandani. Iko kisimani, chooni, jikoni, sokoni na penye jaa la takataka, nayo ni kuuzuia ugonjwa kabla haujabisha hodi. Kitabu chaweza kumwambia kwamba maji machafu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Hakiwezi kumwambia kwa nini mama mwenye akili timamu, ambaye anayajua hayo yote, huwapa watoto wake maji yasiyochemshwa. Hilo atalijua kwa mama mwenyewe, akiketi naye na kumsikiliza. Kwa hiyo vyuo vingi huwatuma wanafunzi mitaani na vijijini, wafanye kazi yenye kuwafaa wenyeji, na katika kuifanya wajifunze. Twaweza kuyaita mafundisho haya kujifunza kwa kutumikia. Mambo hayo mawili ni kama ng'ombe wawili wa nira moja: mmoja akilala, plau haiendi.

Katika nchi yetu jambo hili si jipya. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret mwaka 1990, kiliyatia mafundisho ya namna hii ndani ya masomo yenyewe, wala hakikuyafanya kuwa matembezi ya likizo. Mwanafunzi hutoka chuoni mara kadhaa katika miaka yake ya kusoma. Kwanza huenda kuwajua watu na makao yao. Kisha huipima afya ya jamii nzima, kama daktari ampimavyo mtu mmoja. Baadaye huandaa uchunguzi na kuufanya, na mwisho hufanya kazi pamoja na maofisa wa afya wa mahali. Twaona basi ya kuwa wenye elimu wamekiri kwamba mtaa nao ni darasa. Linalobaki ni kuuliza, katika darasa hilo mwenyeji ana cheo gani?

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Wengi mnawakumbuka wageni wa kwanza. Chuo kilichowatuma hatutakitaja, kwa kuwa hatukuja kushitaki. Walikuja na karatasi. Wakaingia nyumba hata nyumba, wakahesabu vyoo, wakamwuliza kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa, na baba huleta shilingi ngapi. Watu walijibu kwa sababu ya adabu ya mgeni, na kwa sababu walidhani ya kuwa baada ya maswali kutakuwa na jambo. Juma la tatu wale wageni wakafunga mizigo wakaenda zao. Hapakuwa na baraza, hapakuja barua, wala hatukupata hata karatasi moja ya kutueleza walilolikuta. Mwaka ukapita. Kisha kijana wetu mmoja aliyekuwa akisoma mbali akatuletea maandishi ya chuo kile, na ndani yake mna picha: mtoto wa mtaa huu amesimama uchi kando ya choo kilichobomoka, na uso wake waonekana wazi. Mama yake hakuombwa ruhusa. Sisi tulimwomba kabla ya kulisema hili leo, naye amekubali. Alipoiona picha alisema maneno ambayo tuliyaandika siku ile ile: "Walisema wamekuja kusoma. Kumbe kitabu ni sisi."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hivyo mwaka jana, chuo kingine kilipotuandikia, Halmashauri haikukubali wala haikukataa. Iliwaita walimu waje kwanza wao wenyewe. Tuliketi nao chini ya mwembe wa ofisi, tukawaeleza habari ya picha. Mwalimu wao, bibi wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha akauliza: "Ninyi wenyewe, mwataka kujua nini?" Ndugu wanachama, swali hilo hatukuwahi kuulizwa na mgeni yeyote. Mwenzetu mmoja muuza samaki alijibu papo hapo. Alisema kwamba kila masika watoto wetu huharisha, na kila mtu humlaumu mwingine. Wenye nyumba huwalaumu wapangaji, wapangaji huwalaumu wachuuzi wa maji, wachuuzi huwalaumu wenye visima, na wenye visima huvilaumu vyoo vya wenye nyumba. "Tunataka kujua," alisema, "ili tuache kugombana bure."

Basi wanafunzi walipofika, walikuja na swali letu. Siku ya kwanza hawakuchukua karatasi hata moja. Walitembea pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wenzetu ambao Serikali iliwapa jina hilo na mikoba ya kazi mwaka 2023, zaidi ya watu 100,000 katika nchi nzima, kila mmoja akiangalia kadiri ya nyumba 100. Hao ndio wajuao mlango upi hubishwa asubuhi na upi husubiriwa jioni. Siku ya pili wenyeji walichora ramani ya mtaa uwanjani, juu ya mchanga, kwa majivu na vijiti: visima, vyoo, bomba, na mfereji wa maji machafu. Wanafunzi walishika vijiti na kuuliza. Waliochora ni sisi. Siku ya tatu vijana wetu walikuwa wakiuzibua mfereji, nao wageni wakavua viatu wakaingia pamoja nao. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe walilishika vibaya, lakini walilishika.

Baada ya hayo wakaleta vichupa vidogo vyenye karatasi iliyotiwa dawa. Maji hutiwa ndani, kichupa kikafungwa na kuwekwa penye joto. Maji yakiwa na uchafu wa kinyesi, kwa kawaida hugeuka meusi katika muda wa siku moja au mbili. Walitueleza ya kuwa kipimo hiki ni rahisi na si neno la mwisho, kwa kuwa maabara hupima kwa uhakika zaidi. Lakini fadhila yake ni kwamba kila mtu hujionea mwenyewe, aliyesoma na asiyesoma. Tulichota maji ya bomba, ya visima viwili, ya mikokoteni ya wachuuzi, na ya vyombo vya ndani katika nyumba zilizoridhia. Vichupa vikapangwa juu ya meza hii hii mnayoiona, kila kimoja na namba yake, bila jina la mtu.

Siku ya pili ukumbi ulijaa. Maji ya bomba yalikuwa meupe. Kisima kimoja kilikuwa cheusi, nacho ni kile kilichochimbwa karibu mno na choo. Maji ya mikokoteni, karibu yote, yalikuwa meupe. Lakini maji yale yale, yalipokwisha kumiminwa katika ndoo za majumbani mwetu na kulala usiku mmoja, yalikuwa meusi katika vichupa vingi kuliko vyeupe. Ukumbi ulinyamaza. Mchuuzi mmoja wa maji, ambaye amelaumiwa miaka mingi, alisimama nyuma akasema kwa upole tu: "Haya, sasa tusaidiane." Adui tuliyemtafuta kwa jirani alikuwa akiingia ndooni kwa mikono yetu wenyewe.

Wanafunzi walikuwa wamejitayarisha kufundisha habari ya kuchemsha maji. Walipoanza, mama mmoja aliwakatiza kwa heshima akasema: "Wanangu, kuchemsha twakujua. Mkaa nikiuchomea maji ya kunywa, nitapikia nini?" Kisha akawaonyesha jinsi mtoto anavyochota kwa kikombe, na mkono wote ukazama ndooni. Hapo bibi mmoja mzee, mzaliwa wa pwani, akakumbusha ya kuwa zamani mtungi wa udongo ulikuwa na mdomo mwembamba na kifuniko, na kando yake ilitundikwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Hakuna mkono uliogusa maji. Zilipokuja ndoo za plastiki zenye mdomo mpana, mtungi uliondoka, na kata ikaondoka pamoja nao. Yule mwalimu akawageukia wanafunzi wake akawaambia waliandike hilo, kwa kuwa ndilo wanalolishauri wataalamu wa afya: chombo chenye kifuniko, chenye mdomo mwembamba au bomba dogo, ili mkono usiingie. Basi wanafunzi waliliacha somo lao la kwanza, wakatunga jingine pamoja na bibi yule: dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kifuniko juu ya ndoo, na kata ukutani. Mafundi wetu walichonga kata za kwanza, na leo ukipita katika vibaraza utaziona zimetundikwa.

Kadhalika walituachia maarifa ya mtoto anayeharisha, nayo tunayarudia hapa kwa faida ya wasiokuwapo. Pakiti za chumvi maalumu za zahanati ndizo bora. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, umnyweshe mtoto kidogo kidogo, na usimwachishe kunyonya. Huku ukimnywesha, mpeleke zahanati.

Sasa tuyaseme na yasiyofaulu. Walitundika madumu ya kunawia mikono karibu na vyoo vya pamoja, na walipokuwa hapa yalijaa maji kila asubuhi. Miezi miwili baadaye tulizunguka na daftari. Mengi yalikuwa makavu, sabuni zimetoweka, na dumu moja tulilikuta likiuzia mafuta ya taa. Tumlaumu nani? Wanafunzi hawakuuliza ni nani atakayejaza maji wakiisha kuondoka, nasi tulioketi nao hatukusema. Kata zimedumu kwa sababu zilitoka kwetu na kila nyumba ina yake. Madumu yalikauka kwa sababu yalikuwa ya wageni. Tunaliandika jambo hili katika Taarifa ili lisirudiwe, na chuo nacho tumekiandikia hivyo hivyo.

Tena palitokea manung'uniko. Mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa kali, akitumaini dawa. Wanafunzi walikataa kumpa, na watu wakasema kwamba hawana faida. Lakini walikataa kwa haki. Mwanafunzi wa afya ya umma si daktari, na dawa mikononi mwa asiye na ruhusa ni hatari. Wawili kati yao walifuatana na mama yule hata zahanati, wakangoja mpaka mtoto akatazamwa. Huo nao ni utumishi.

Siku ya mwisho waliitisha baraza, wakasoma kwa Kiswahili yote waliyoyakuta, kabla hayajapelekwa chuoni. Mwenye kile kisima cheusi aliomba asitajwe katika maandishi, wakakubali. Mwenyewe akaandika kwa rangi juu ya ukuta wa kisima chake: MAJI YA KUFULIA TU. Nakala moja ya maandishi imo kabatini mwa ofisi, na mwanachama yeyote aweza kuisoma. Kwa hesabu hizo Halmashauri iliwaandikia maofisa wa afya wa kaunti juu ya mfereji, tukiwakumbusha kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya maji safi na salama na ya usafi wa kufaa. Bwana afya amekuja, ametazama, ameandika. Mfereji haujajengwa bado. Lakini kwa mara ya kwanza tuliandika barua yenye hesabu ndani yake, na kwa mara ya kwanza tulijibiwa.

Tumesikia wengine wakisema: "Sisi hatukusoma, tutamfundisha nini mwanafunzi wa chuo?" Tuwajibu kwa habari moja ya kweli. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alishuku bomba la maji la Broad Street, akaandika kila kifo mahali kilipotokea, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba lile ukaondolewa. Lakini wengi hawakumsadiki. Miongoni mwao alikuwa kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead. Kasisi huyu aliwajua watu wake nyumba kwa nyumba, akaanza kuwauliza ili apate kumpinga daktari. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona ya kuwa daktari alisema kweli, na ndiye aliyepata habari ya mtoto mchanga mgonjwa ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu karibu na kisima cha bomba lile. Daktari alikuwa na elimu; mwenyeji wa mtaa alikuwa na mlango wa kila nyumba. Ilihitajiwa miwili hiyo ili ukweli ukamilike. Na mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 yaliandika jambo hilo kuwa azimio: ni haki ya watu, tena ni wajibu wao, kushiriki katika kupanga na kutekeleza mambo ya afya yao. Haki peke yake ingetutosha kulalamika. Wajibu watulazimu kufanya kazi.

Wengine wasema: "Wanajifunzia kwetu, kisha waende kuajiriwa kwingine." Ni kweli. Lakini bwana afya atakayetumwa kesho katika mtaa wa wenzetu, huko Nyanza, Ukambani au Taita, amefundishwa mahali fulani. Afadhali amefundishwa na mama aliyemkatiza kwa heshima kuliko na picha ya mtoto asiyeombwa ruhusa. Mwanafunzi mmoja alipotuaga alituambia ya kuwa alikuja na maswali 40, na sasa anajua ya kuwa la kwanza ni lile lisiloandikwa: "Hamjambo, na mnataabika na nini?"

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yashauri tuwapokee, lakini kwa masharti yatakayoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Kwanza, swali la kazi yao litungwe pamoja nasi kabla hawajaja. Pili, asiulizwe mtu wala kupigwa picha pasipo ridhaa yake, na mtoto pasipo ridhaa ya mzazi wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatuunga mkono katika hili. Tatu, wafanye kazi chini ya mwalimu wao na pamoja na wahamasishaji wetu, wala wasigawe dawa. Nne, kila kitu watakachokijenga kiwe na mwenyeji aliyetajwa kwa jina atakayekitunza. Tano, yote watakayoyakuta yasomwe hapa kwa Kiswahili kabla ya kwenda kokote, na nakala ibaki kabatini. Nasi kwa upande wetu tutatoa chumba cha ofisi, na wanachama 4 watakaofuatana nao. Watu wanne hao bado hatunao. Tukipiga kura ya ndiyo na watu hao wasipatikane, basi kura yetu itakuwa ni madumu makavu kama yale.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba mwenyeji aketi akingoja kuponywa. Masika yaja, na ndoo zetu zimefunikwa kuliko mwaka juzi, lakini si zote.

Sasa twamwachia Bwana Mwenyekiti aiite kura, na baada ya kura, majina manne.